Swali Lilikuwa Kwenye Rejista

Mwanzoni mwa mwaka 2023, nikiwa mwaka wa tano wa masomo ya udaktari mjini Meru, niliandika barua pepe 19 kwa watafiti nisiowajua. Wengine walikuwa Nairobi, wengine Eldoret na Kisumu, wawili Uingereza. Kila barua niliipamba: nilimsifu mtafiti mwenyewe kwa makala yake, nikaeleza kiu yangu, nikaambatisha wasifu ambao mstari wake mzito kuliko yote ulikuwa uongozi wa kwaya chuoni. Nilijibiwa moja tu. Ilikuwa ya upole, mistari mitatu, nayo ilisema wana wanafunzi wao wa kutosha.

Siwalaumu. Sikuwa nimewauliza swali lolote. Nilikuwa nimewaomba wanipe la kwao.

Kiu yenyewe haikuwa safi yote, na sioni haja ya kuificha. Anayetaka ufadhili wa shahada ya pili huulizwa ameandika nini. Wenzetu tuliosoma nao sekondari, waliokwenda vyuo vya Nairobi, walishaanza kuonekana kwenye majarida, majina yao yakiwa ya sita au ya saba kwenye orodha ndefu ya waandishi, lakini yako. Mimi nilikuwa na wivu. Baadaye nilipata sababu bora zaidi, ila huo wivu ndio ulionitoa kitandani.

Ukitazama ramani ya utafiti wa tiba nchini, utaelewa mwanafunzi wa upande wetu anavyojiona. Taasisi ya Utafiti wa Tiba, KEMRI, iliundwa mwaka 1979, na makao yake makuu yako Nairobi. Kisumu kuna watu wa malaria. Kilifi kuna kituo cha KEMRI na Wellcome kilichoanza mwaka 1989 na ambacho jina lake linajulikana dunia nzima. Eldoret, Chuo Kikuu cha Moi huwapeleka wanafunzi wake vijijini kusoma afya ya jamii kabla hawajazoea hata kushika kipima mapigo. Sisi wa mashariki mwa Mlima Kenya hatuna kituo kama cha Kilifi. Tuna hospitali za rufaa za Meru na Embu, tuna hospitali za misheni za Chogoria, Maua, Nkubu na Kyeni, tuna Chuo Kikuu cha Methodist pale Kaaga, cha Sayansi na Teknolojia kule Nchiru, tuna Chuo Kikuu cha Embu. Embu mjini kuna kituo cha utafiti wa kilimo, kwa hiyo nilikuwa nikiwatania wenzangu kwamba afadhali ningezaliwa mhindi, mtafiti angenifuata shambani.

Swali langu la kwanza lilikuwa kubwa kama mlima wenyewe. Kwetu ni Mbeere, upande wa Siakago, na muguka, jani la kutafunwa, ndio ulionilipia karo. Baba aling'oa sehemu ya pamba akapanda muguka, na kila mwanzo wa muhula nilijua bei ya gunia kabla sijajua tarehe ya kufungua. Basi nikaamua nitatafiti madhara ya muguka kwa afya ya akili ya vijana wa Kaunti ya Embu. Nilijiona shujaa, mtoto anayelihoji jani lililomsomesha. Nikaupeleka mpango huo kwa mwalimu wetu wa afya ya jamii, mama mmoja mwenye maneno machache.

“Utawapima na nini?” akauliza.

Nikataja dodoso fulani.

“Vijana wangapi? Utawafikiaje? Ukimkuta mmoja anataka kujiua, utampeleka wapi saa kumi na moja jioni Kiritiri?”

Nikanyamaza.

“Na utamaliza lini?”

Mwaka uliofuata, Mei 2024, kaunti kadhaa za Pwani zilipoupiga vita muguka na nchi nzima ikageuka uwanja wa mabishano, nilitamani ningekuwa na takwimu mkononi. Lakini mwalimu alikuwa amesema kweli. Utafiti ule ulihitaji pesa, wasaidizi, daktari wa akili wa karibu na miaka miwili. Mimi nilikuwa na miezi saba na nauli ya matatu.

Swali la pili sikulitunga. Lilitoka kinywani mwa sista mkuu wa kliniki ya wajawazito, tulipokuwa tukizunguka kwa mafunzo. Alikuwa amemaliza kumpima msichana wa miaka kama 16, tumbo limeshapanda juu ya kitovu, hiyo ikiwa ziara yake ya kwanza kabisa. Alipotoka, sista akaishika rejista, akaipigapiga kwa kalamu, akasema, “Dakta, hawa watoto mbona wanakuja wakiwa wamechelewa hivi? Na damu zao tutazijua lini?”

Kwa msomaji asiye wa fani hii, nieleze alikuwa akisema nini. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2016 kwamba mjamzito aonwe na mhudumu wa afya angalau mara 8, na mara ya kwanza iwe kabla ya wiki 12 kupita. Kuchelewa kunafunga milango: kaswende haitibiwi mapema, virusi vya HIV havikabiliwi kwa wakati, na upungufu wa damu, yaani hemoglobini chini ya gramu 11 kwa desilita, unagunduliwa wakati umebaki mwezi mmoja wa kuurekebisha. Msichana anayeendelea kukua mwenyewe huku akikuza mtoto ana deni la damu mara mbili.

Niliporudi bwenini nikafungua ripoti ya utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2022. Ripoti hiyo iko wazi kwa kila mtu, wala huhitaji kumjua yeyote ili uisome. Ilionyesha kuwa kitaifa, asilimia 15 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamewahi kupata mimba. Kwa Meru ilikuwa asilimia 24. Juu yetu zilikuwako Samburu, Pokot Magharibi, Marsabit na Narok, kaunti ambazo watu wakizungumzia mimba za utotoni huzitaja mara moja. Meru yenye kahawa, chai, miraa na makanisa kila kona, hakuna aliyekuwa akiitaja. Nilikaa na tarakimu hiyo usiku kucha.

Sasa nilikuwa na swali linaloingia mfukoni: je, wasichana wa miaka 15 hadi 19 huja kliniki kwa mara ya kwanza mimba ikiwa na wiki ngapi, wakilinganishwa na wanawake wenye umri mkubwa zaidi, na je, damu yao hupimwa siku hiyo? Jibu halikuwa kwenye maabara ya kisasa. Lilikuwa kwenye kile kitabu kikubwa ambacho wizara hukiita MOH 405, rejista ya kliniki ya wajawazito. Kila kliniki ya serikali nchini inacho. Kina safu ya umri, ya mimba ngapi zimetangulia, ya wiki za mimba siku ya ziara, ya hemoglobini, ya vipimo vya HIV na kaswende. Nesi hukijaza kila siku, mwisho wa mwezi jumla zake hupelekwa kwenye mfumo wa kitaifa wa kompyuta, kisha kitabu chenyewe kikijaa huwekwa kabatini. Hakuna anayekirudia. Huko ndani kuna watafiti wasiojijua, masista, ambao wamekusanya taarifa za miaka kumi kwa kalamu ya bluu.

Hapo ndipo nilipofanya kosa langu.

Kwa kuwa nesi mmoja wa kituo cha afya nje ya mji alinijua, nilianza kunakili. Wiki tatu, kila Jumamosi na Jumapili, nilikaa na daftari nikiandika majina, umri, vijiji, matokeo ya HIV. Ndiyo, majina. Niliona ni kazi ya kujitolea tu, na karatasi za kibali zingefuata. Nilipomwonyesha mwalimu kwa majivuno, hakunifokea. Aliifunga ile daftari, akaiweka chini ya mkono wake, akaniuliza kama mama yangu angependa binti wa watu awe na hali yake ya HIV kwenye begi linalopanda matatu ya Makutano. Tuliichoma siku hiyo hiyo nyuma ya ofisi yake. Zile wiki tatu hazikurudi, wala hazikustahili kurudi.

Wanafunzi wengi huamini vibali ni urasimu wa kuwachosha. Nami niliamini hivyo. Lakini fikiria ni wewe uliyeenda kliniki ukampa nesi siri yako. Ulimpa ili akutibu, hukumpa ili mwanafunzi aandike makala. Kamati ya maadili ya utafiti iko pale kukuwakilisha wewe usiyekuwapo kikaoni. Inasoma pendekezo zima, inauliza taarifa zitafichwaje, nani atazishika, zitafutwa lini. Tangu mwaka 2019 tuna pia Sheria ya Ulinzi wa Data, ambayo taarifa za afya inazihesabu kuwa nyeti.

Njia yenyewe ni ndefu ila haina mafumbo. Unaandika pendekezo na msimamizi analitia sahihi. Linakwenda kwenye kamati ya maadili iliyotambuliwa na serikali. Siku hizi huhitaji kukimbilia Nairobi, kwani Meru kwenyewe vyuo vina kamati zao. Ukipata cheti chao, unaomba leseni kwa mtandao kutoka NACOSTI, Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2013. Kisha idara ya afya ya kaunti, kisha mkuu wa hospitali, kisha, na huyu ndiye wengi humsahau, mwenye ufunguo wa kabati. Kwangu mimi safari hiyo ilichukua wiki 11. Kamati ilinirudishia pendekezo mara moja, ikitaka nieleze kwa nini nahitaji jina la kijiji. Sikuwa na sababu. Nikalifuta.

Mwenye ufunguo alikuwa mzee wa chumba cha kumbukumbu, amebakiza mwaka mmoja astaafu. Barua zangu zote alizisoma, sahihi moja moja, akizishika mbali na macho. Nilidhani atanitafutia kasoro. Akainuka, akalipangusa vumbi benchi lililokuwa na mafaili, akalisogeza dirishani penye mwanga. “Kaa hapa, mwanangu,” akasema. “Wengine huja wakaandika wamesimama, wakakosea.” Akanifundisha mambo ambayo hayamo kwenye kitabu chochote cha mbinu za utafiti: kwamba nesi fulani, aliyeshahamishwa, alikuwa akiandika wiki za mimba kwa miezi, kwamba miezi ya mgomo wa wauguzi kurasa huwa nyembamba, nisidhani wanawake waliacha kushika mimba, kwamba sifuri yenye mkia ni sita.

Nilipoanza kujaza namba kwenye kompyuta, bila majina mara hii, nikagundua safu ya hemoglobini ilikuwa tupu ukurasa baada ya ukurasa. Nilikata tamaa. Nikamwambia mwalimu utafiti umekufa, nusu ya swali haina jibu. Akaniambia nimwulize sista kwa nini ni tupu. Sista akacheka. Vibao vya kupimia damu vilikuwa vikiisha, akina mama wakaelekezwa maabara za nje, na wakirudi na jibu, linaandikwa kwenye kijitabu cha mama na mtoto wanachokwenda nacho nyumbani. Rejista haikurudiwa. Kwa hiyo safu tupu ya rejista haikumaanisha kwamba mama hakupimwa, ila ilimaanisha kwamba kaunti, ikihesabu kwa rejista, haiwezi kujua wanawake wake wana damu kiasi gani. Huo ndio uliokuwa utafiti. Sikuwa nimeuandika kwenye pendekezo, nao ndio jambo la maana kuliko yote tulilolipata.

Nilipokuwa nikienda nyumbani likizo, gari lilipita njia panda ya Chogoria, nami nikajifunza kuitazama kwa heshima mpya. Hospitali ile ya misheni ilianzishwa na daktari wa Kiskoti, Clive Irvine, aliyefika huko mwaka 1922. Miaka ya 1980, Wakenya wakiwa miongoni mwa watu waliozaana kwa kasi kuliko wote duniani, utafiti ulifanywa katika eneo linalohudumiwa na hospitali hiyo ukaonyesha kuwa wanawake wa pale walitumia uzazi wa mpango kupita kiwango cha nchi kwa mbali, na ukubwa wa familia ulikuwa unapungua. Ulichapishwa ng'ambo mwaka 1989. Jambo lililoshangaza wataalamu lilikuwa likitendeka nyumba kwa nyumba kwenye mteremko huu huu, likifanywa na wahudumu wa vijijini waliotembea kwa miguu.

Na jirani zetu Uganda wana kisa ambacho kila mwanafunzi asiye na pesa angestahili kukijua. Mwaka 1957, Denis Burkitt, daktari wa upasuaji hospitali ya Mulago, aliona watoto wenye uvimbe wa ajabu kwenye taya. Hakuwa mtafiti, wala hakuwa na maabara ya kujivunia. Alipata ruzuku ya pauni 25, akaitumia kuchapisha picha na maswali aliyoyapeleka kwa posta kwenye hospitali za Afrika: je, mmeuona uvimbe huu? Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walipanda gari kuukuu, wakasafiri wiki kumi, karibu maili 10,000, wakiuliza swali hilo hilo hospitali kwa hospitali. Majibu yalifuata mvua, joto na mwinuko wa ardhi. Vipande vya uvimbe alivyovipeleka London ndivyo vilivyomwezesha Anthony Epstein na wenzake, mwaka 1964, kuona kirusi cha kwanza kujulikana kuhusika na saratani ya binadamu. Najua, Burkitt alikuwa daktari kamili tena Mzungu wa enzi ya ukoloni, na milango ilimfungukia isivyofungukia kila mtu. Hilo halifuti zile pauni 25.

Uandishi wenyewe niliufanya wakati wa mgomo. Kuanzia Machi 14 hadi Mei 8, 2024, siku 56, madaktari walikuwa nje, sababu kubwa ikiwa malipo na ajira ya madaktari wanagenzi, yaani sisi wa kesho yake. Wodi za mafunzo zilinyamaza. Nilirudi Siakago na kompyuta ya kuazima, nikawa naandika asubuhi kabla ya jua kukazana. Zana zote zilikuwa za bure: Epi Info ya kuchambulia takwimu, Zotero ya kupangia marejeo, na Hinari, mpango ulioanzishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2002, ambao kupitia maktaba ya chuo ulinifungulia majarida ambayo makala moja ingeuzwa kwa bei ya mbuzi. Ukijumlisha nauli, chapa na vocha za intaneti, utafiti wote haukufika shilingi 8,000.

Nilipokuwa bado sijamaliza, barua za majarida zikaanza kuja zenyewe. Ziliniita “Profesa mtukufu” na kuniahidi kuchapisha ndani ya siku tatu, kwa dola mia kadhaa. Nusura nitume. Jarida linalosifu kabla ya kusoma ni duka, na bidhaa yake ni jina lako. Jarida la kweli humtuma mtu akukosoe, na linaweza kukuweka miezi. Makala yetu imerudishwa mara mbili. Mara ya pili mhakiki aliuliza swali zuri kuhusu zile wiki zilizoandikwa kwa miezi, nikamkumbuka mzee wa kumbukumbu. Muhtasari ulisomwa kwenye kongamano la wanafunzi. Hospitalini niliuwasilisha kwenye kikao cha mafunzo cha asubuhi, dakika kumi, watu 14, wawili wakisinzia kwa sababu walikuwa zamu ya usiku. Sista mkuu hakusinzia. Siku iliyofuata alichora mstari mwekundu juu ya safu ya hemoglobini na kuwaagiza manesi waombe kijitabu cha kila mama anayerudi, wanakili jibu la maabara.

Sasa niko Embu kwa uanagenzi, na wanafunzi wa vyuo vya huku huniuliza waanzie wapi. Huwauliza ni kitu gani kiliwaudhi wodini wiki hiyo. Mmoja alisema vijana wa bodaboda waliojaa wodi ya mifupa, wengi wao wakiwa wamejeruhiwa Jumapili jioni. Mwingine alikasirishwa na mtoto aliyepewa antibiotiki tatu. Wa tatu alimwona mgonjwa mwenye dalili zilizomfanya hata bingwa akune kichwa. Huyo nilimwambia aandike ripoti ya kisa kimoja, kwa ridhaa ya mgonjwa, kazi ambayo mwanafunzi na msimamizi wake wanaweza kuikamilisha muhula mmoja. Wengine wawili wanataka Kilifi na hawataki kusikia kingine. Waombe tu, nafasi za mafunzo kule zipo na wapo wanaozipata. Ila wasingoje jibu wakiwa wamekunja mikono, kwa maana mimi nilingoja majibu 18.

Kwa masista wakuu, maafisa wa kumbukumbu na wakubwa wa wodi watakaosoma ukurasa huu, kuanzia Mutuati hadi Kiritiri: mwanafunzi akija na barua zake zote zikiwa zimetiwa sahihi, tafadhali mpeni benchi, na mlisogeze dirishani.